Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msimamo Wetu Kuhusu Mtihani wa Udahili wa Udaktari

Ndugu wanachama,

Nawasalimu na kuwashukuru kwa kazi ya mwaka mzima. Hesabu za chama zimekaguliwa na mhazini atazisoma. Habari za uanachama anazo katibu. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotuchukulia vikao vingi kuliko mengine yote: je, vyuo vya udaktari viwatake waombaji wote wafanye mtihani mmoja wa udahili?

Kamati ya utendaji inaleta mbele yenu msimamo huu. Mtihani uwe wa lazima, lakini uwe kizingiti tu. Mwombaji akishafikia alama ya chini iliyowekwa, alama zake ziwekwe kando, zisitumike kupanga nani awe wa kwanza na nani wa mia.

Wenzetu waliotaka mtihani ufutwe kabisa walisema mengi ya kweli, na nitayafikia. Ila tukumbuke ulikotoka. Katika miaka ya 1920 vipo vyuo vya udaktari Marekani vilivyokuwa vikipoteza hadi nusu ya wanafunzi wao kabla ya kuhitimu. Mwaka 1928 ukaanzishwa mtihani wa kupima waombaji, ule uliokuja kuzaa MCAT, mtihani wa leo wa udahili wa udaktari nchini humo, na kufikia 1946 wanaoacha masomo walikuwa wameshuka hadi asilimia 7 hivi. Sidai kwamba mtihani peke yake ndio uliofanya hivyo. Lakini kila anayedahiliwa pasipo msingi wa kutosha hulipa kwa miaka ya ujana wake na fedha za wazazi wake, na kumpokea mtu wa namna hiyo kwa jina la huruma ni kumdhulumu.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Ukiondoa mtihani, hubaki na nini mezani? Alama za shule, ambazo shule moja huzitoa kwa ukarimu na nyingine kwa ubahili. Barua za mapendekezo. Orodha ya kazi za kujitolea hospitalini, ambazo mtoto wa daktari huzipata kwa simu moja ya mzazi. Mtoto asiyejulikana na mtu hana pengine pa kuonyesha uwezo wake isipokuwa kwenye karatasi isiyo na jina.

Tatizo linaanzia pale alama zinapogeuzwa kuwa foleni. Tazameni NEET, mtihani wa udahili wa udaktari wa India: maswali 180, jibu sahihi alama 4, jibu lisilo sahihi unakatwa alama 1, jumla 720. Mwaka 2024, ambao waliojiandikisha walizidi milioni mbili, matokeo ya kwanza yalitoa watahiniwa 67 wenye alama zote 720. Baadaye waliokuwa wamepewa alama za fidia kwa muda waliopoteza wakarudia mtihani, na jibu la swali moja la fizikia likarekebishwa. Wenye 720 wakabaki 17. Wengi wao walishuka kwa swali moja! Kama kileleni liliwashusha watu kiasi hicho, fikirini huko katikati ambako maelfu wamebanana kwenye alama zilezile.

MCAT nayo hutoa alama kuanzia 472 hadi 528, na wenye mtihani wenyewe hueleza kwamba kila alama isomwe pamoja na mbili juu na mbili chini. Wawekeni waombaji wawili, mmoja ana 511 na mwingine 513. Kwa maelezo hayo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika nani amemzidi mwenzake. Lakini chuo kikichora mstari kwenye 512, mmoja anaitwa kwenye usaili na mwingine anapokea barua ya masikitiko. Mara nyingi tofauti hiyo ya alama mbili ni tuisheni, au ni mzazi aliyeweza kumlisha mwanawe mwaka mwingine mzima akijiandaa kurudia.

Je, baada ya kizingiti? Wengi wa kamati wanapendelea usaili wa vituo vifupi vifupi, ule ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, ambapo mwombaji hukutana na msaili tofauti kila kituo, na msaili mmoja aliyenuna hawezi kumwangusha peke yake. Ni njia nzuri, ingawa inahitaji watu wengi.

Mimi binafsi naongeza kura ya bahati. Uholanzi waliitumia tangu 1972 hadi 2017, wakiwapa wenye alama bora za shule nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa, na tangu 2023 vyuo vyao vimeruhusiwa tena kuitumia. Mjumbe mmoja alisema kura ni kuitukana bidii ya kijana. Naheshimu hoja yake, ila sikubaliani nayo: bidii imekwisha kupimwa kwenye kizingiti, na kinachobaki juu yake hatuna kipimo chake cha kuaminika. Afadhali tuliseme hilo wazi.

Azimio limegawanywa mara mbili ili mpige kura kwa kila sehemu: kwanza kizingiti, kisha kura ya bahati kwa vyuo visivyo na uwezo wa kufanya usaili. Kifungu cha kuwasamehe ada ya mtihani waombaji wasio na uwezo bado hakijakamilika, kwa kuwa hatujakubaliana nani ailipe. Kamati inaomba ridhaa yenu iendelee nacho hadi mkutano mkuu ujao.