Shukrani kwa mama wa Coaster ya Tukuyu

Mama, shikamoo. Jina lako sikuuliza, lakini maneno haya yakikufikia utajijua: ulikaa dirishani, kapu la maparachichi miguuni, ukashuka Uyole.

Nilikuwa mgeni Mbeya, nikilalamikia baridi ya Julai na maharage yasiyoiva. Ukaniambia, "Mwanangu, maji ya huku yanachemka upesi ila hayana moto wa Dar. Loweka usiku kucha, funika sufuria." Na ni kweli tupu. Mji huu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Sasa maharage yanaiva na mkaa unabaki!

Ukanipa maparachichi magumu kama mawe, ukaniagiza niyafunge kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu. Ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva. Wewe hukuhitaji jina la gesi.

Basi wiki hizi raha yangu kubwa ni hiyo: kiazi cha kuchemsha, parachichi juu yake, chumvi kidogo. Mayai nimeyasahau kabisa. Chai ya rangi ya Rungwe yenye tangawizi inafuata, halafu jua la saa nne mgongoni, mlima Loleza ukishavua ukungu. Ugimbi, pombe ya kienyeji ya huku, bado sijaupenda, unisamehe.

Kitambaa ulichofungia maparachichi nimekifua. Nimekiacha kwa dada anayeuza chai stendi ya Uyole, ukishuka, muulize.