YAH: MALALAMIKO KUHUSU KINGA YA TAA NA RANGI YA GARI LANGU MLIYOBANDIKA MACHI 2025

Mbezi Beach,
Dar es Salaam.
22 Septemba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tarehe 15 Machi 2025 nilileta kwenu Toyota yangu nyeupe ili isafishwe taa za mbele na kubandikwa filamu ya kinga, yaani plastiki nyembamba inayoonesha, kwenye boneti, bampa ya mbele, madigadi mawili na taa zenyewe. Kazi hiyo niliilipia shilingi 1,850,000, nikapewa risiti ya kielektroniki pamoja na cheti cha dhamana ya miaka 5 kwa filamu na miaka 2 kwa taa. Tangu mwezi Julai nimefika ofisini kwenu mara tatu, na kila nilipofika nilipewa maelezo tofauti na yale ya safari iliyotangulia. Kwa sababu hiyo nimeona niyaweke malalamiko yangu katika maandishi, nami nijibiwe kwa maandishi.

Naanza na taa, kwani ndizo zinazonitia hofu ninapoendesha usiku. Gari lilipofika kwenu taa zote mbili zilikuwa na ukungu mwepesi sehemu ya juu tu, na barabara nilikuwa naiona. Kama mnavyojua kuliko mimi, kinachoitwa kioo cha taa katika magari ya siku hizi ni plastiki ngumu ya polikaboneti, ambayo haipasuki ovyo ikipigwa na jiwe lakini haiwezi kustahimili mionzi ya jua ikiwa tupu, na ndiyo maana kiwandani hupakwa tabaka jembamba la kuikinga. Tabaka hilo likichakaa, plastiki hugeuka manjano na kufanya vijinyufa vidogo mno, na mwanga uliopaswa kwenda mbele hutawanyika huku na huko.

Fundi wenu aliuondoa ukungu huo kwa msasa wa maji, akianzia namba 800 na kumalizia namba 2000, kisha akapiga polishi hadi taa zikawa kama mpya. Sina ugomvi na msasa, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya maana ya kuondoa plastiki iliyokwisha kuharibika; wanaosugua taa kwa dawa ya meno kando ya barabara hupata mng'ao wa wiki chache tu. Ninacholalamikia ni kilichofuata, au tuseme kilichokosa kufuata. Msasa haubagui: huondoa ukungu, na pamoja nao huondoa kinga yote ya kiwandani iliyokuwa imesalia, hivyo taa iliyopigwa msasa ikaachwa bila kupakwa klia, ile rangi ya juu inayoonesha, yenye kinga ya jua au kubandikwa filamu huwa imevuliwa nguo. Tulikubaliana kwamba vyote viwili vitafanyika, na hati ya kazi inasema hivyo.

Taa ya kushoto ilibandikwa filamu. Ya kulia filamu ilichanika mikononi mwa fundi, nikaombwa nirudi Jumatatu, na niliporudi nikaelezwa kuwa hakuna haja tena kwa kuwa taa hiyo "imepakwa dawa". Dawa gani, hakuna aliyeweza kuniambia. Mwishoni mwa Julai taa ya kulia ilikuwa imefifia yote, kuanzia juu hadi chini, vibaya kuliko siku niliyoileta kwenu, ilhali ile ya kushoto, chini ya filamu, bado ni angavu. Nawaomba mlitafakari jambo hili kwa makini, kwa sababu jibu nililopewa na ofisi yenu tarehe 4 Agosti lilikuwa kwamba tatizo ni jua la Dar es Salaam. Taa hizi mbili ziko kwenye gari moja, huegeshwa mahali pamoja na huanikwa na jua lile lile. Isitoshe, jua la Dar es Salaam halikuhamia mjini baada ya mimi kulipa. Mlilijua mlipokuwa mnaandika dhamana ya miaka 2.

Kuhusu rangi, kwanza niseme kwa haki kwamba filamu ya boneti ilibandikwa vizuri, bila mapovu wala mikunjo, na vijana wenu walikuwa na adabu muda wote. Pia sidai kwamba filamu ingezuia kila jiwe. Kazi yangu hunipeleka Chalinze kila wiki kwa Barabara ya Morogoro, na anayeijua njia hiyo anajua maana ya kufuata lori la kokoto ambalo halikufunikwa turubai. Nilikuja kwenu kwa sababu hiyo hiyo, na nilimweleza mhudumu wenu hivyo kabla ya kulipa.

Nilichouziwa kwa maneno, na kwa kipeperushi ambacho bado ninacho, ni filamu ya poliurethani, plastiki inayonyumbuka, yenye unene wa mikroni 190 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambayo mikwaruzo midogo hufutika yenyewe ikimwagiwa maji ya moto. Mwezi Juni filamu ya bampa ilianza kuachia kwenye pembe. Kipande cha ukubwa wa kiganja kilipong'oka nilikipeleka kwa fundi rangi mwenye mikromita, kifaa cha kupimia unene, naye akakipima mbele yangu mara tatu. Hakikuzidi mikroni 90, gundi ikiwemo. Tarehe 4 Agosti nilimwagia maji ya moto kutoka kwenye birika la ofisi yenu juu ya mkwaruzo wa digadi la kushoto, mhudumu wenu akishuhudia, na mkwaruzo ukabaki pale pale. Kingo zote za filamu zimeanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, jambo ambalo kwenye gari jeupe halifichiki. Unene huo, manjano hayo ndani ya miezi sita, na mkwaruzo usiofutika, vyote vinaonesha kwamba nilibandikiwa plastiki ya vinaili ya bei nafuu kwa bei ya poliurethani.

Hata hilo ningeweza kulivumilia kuliko jambo la tatu. Filamu ya digadi la kulia ilipoinuka, niliona chini yake mstari mnyoofu wa wembe wenye urefu wa takriban sentimita 30. Fundi aliikatia filamu juu ya gari, wembe ukapita filamu, ukapita klia na rangi, ukafika kwenye bati. Rangi yote ya kiwandani, pamoja na klia yake, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150 tu, kwa hiyo mkono ukizidisha nguvu kidogo basi umekwisha kuitoboa, na ndiyo maana mafundi makini hukata filamu kabla ya kuileta kwenye gari au hutumia uzi maalumu wa kukatia. Mimi naishi karibu na bahari. Upepo wa chumvi umeshaingia kwenye mstari huo na kutu imeanza kuonekana katika sehemu mbili. Gari ambalo halikuwa na kutu popote sasa linayo, na imeingia kupitia kinga.

Ofisi yenu imenipa majibu mawili mengine ambayo sina budi kuyagusa. La kwanza ni kwamba niliharibu filamu kwa kuosha gari kwa mashine ya presha. Nilisubiri siku 7 kabla ya kuosha, kama mlivyoniagiza, na gari huoshwa nyumbani kwa ndoo na sponji. La pili ni ahadi ya kunipaka siramiki bure ili kufidia. Nashukuru, lakini siramiki ni tabaka la mikroni chache. Husaidia uchafu usigande na rangi ing'ae, haizuii kokoto wala haizibi mstari wa wembe, na kuipaka juu ya kutu ni kuifungia ndani.

Kwa hiyo naomba kampuni yenu iondoe filamu yote kwa joto na kwa mkono wa fundi mzoefu, ili rangi isibanduke nayo; digadi la kulia liondolewe kutu na kupigwa rangi upya kwa gharama yenu, katika gereji ya rangi tutakayokubaliana; na taa ya kulia ipigwe msasa tena na kupakwa klia yenye kinga ya jua, au, iwapo plastiki imeliwa kiasi cha kutosafishika, mninunulie taa nyingine iliyo nzima kutoka maduka ya vipuri. Baada ya hapo mchague moja: mbandike filamu ya poliurethani ya unene ule ule mlionitangazia, roli ikifunguliwa mbele yangu na kipande kikipimwa kabla ya kazi kuanza, au mnirudishie fedha yote ya filamu. Taa ya kushoto isiguswe mpaka ya kulia iwe tayari, kwa kuwa sitaki kubaki na taa mbili zilizovuliwa.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nisipolipata, nitapeleka malalamiko haya pamoja na vielelezo vyake kwenye Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu aina na ubora wa bidhaa anayouziwa.

Nimeambatanisha nakala za risiti, hati ya kazi, cheti cha dhamana na kipeperushi, pamoja na picha za taa zote mbili zilizopigwa usiku mmoja zikimulika ukuta mmoja. Kipande cha filamu nimebaki nacho mwenyewe; mkitaka kukipima, njooni na mikromita yenu, nami nitawakaribisha siku yoyote baada ya saa kumi jioni.

Wenu,

Mteja, mwenye hati ya kazi ya tarehe 15 Machi 2025