Kaka, wewe ulimwaga dawa, mimi nilinyamaza

Kaka yangu,

Huu mwaka wa pili hatusemezani, na simu zangu hupokei. Basi nakuandikia hapa hapa mbele za watu, huenda ukapita.

Nilitaka kuanza na salamu, lakini kila nikishika kalamu narudi kwenye ile asubuhi. Umesimama kwenye sinki, umekipindua kichupa cha mdogo wetu, unakigonga ukingoni mpaka kidonge cha mwisho kidondoke. Ukafungulia bomba. "Mnamfanya zezeta," ukasema. Naye alikuwepo. Alikuwa amekishika kikombe chake cha maji kwa mikono miwili, na bado maji yakimchuruzika mapajani kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka. Hakusema kitu.

Ulichokiona kilikuwa kweli, kaka. Ila hukujua kilitoka wapi.

Katika ubongo, seli moja humwaga dopamini, kemikali ya kupelekeana ujumbe, na seli jirani huipokea kwa vipokezi vyake. Mwenye skizofrenia, huo ugonjwa wa akili wa mdogo wetu, dopamini humwagika kupita kiasi mahali fulani ndani kabisa ya ubongo, mahali panapotuambia kipi cha kuzingatia na kipi cha kupuuza. Ndiyo maana kikohozi cha mpita njia kilikuwa ujumbe kwake. Unazikumbuka zile namba za magari alizojaza ukutani? Dawa yake, haloperidoli, hukaa kwenye vipokezi vinavyoitwa D2, dopamini ikija ikute pamekaliwa. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba nafuu huanza dawa ikishakalia kama asilimia 65 ya vipokezi hivyo. Ikikaribia 80 na kupita, mwili unakakamaa, mikono inatetemeka, uso unaganda, kwa sababu vipokezi vya aina hiyo hiyo ndivyo vinavyosaidia kuongoza miendo yetu. Ni kijinjia chembamba. Mdogo wetu alikuwa amekivuka. Alihitaji kupunguziwa dozi, au kubadilishiwa dawa. Klozapini, kwa mfano, hukalia D2 chache zaidi, ingawa damu lazima ipimwe mara kwa mara.

Wewe ukamnyang'anya zote kwa siku moja! Ubongo uliozuiwa muda mrefu unaweza kuongeza vipokezi vyake, na dawa ikiondoka ghafla dopamini inakuta milango iko wazi kuliko mwanzo. Wiki ya tatu zile sauti anazozisikia yeye peke yake zilirudi. Wewe ulikuwa umeshasafiri. Mlango uliovunjwa usiku ulikuwa wangu, na niliyemkimbilia barabarani pekupeku ni mimi.

Tetemeko lile nililiona mwezi mzima kabla yako. Daktari aliniuliza, "Kuna badiliko lolote?" Nikajibu hakuna. Kaka, ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka minne nyumba nzima kulala usingizi. Niliogopa wakipunguza ataanza tena. Ungekuwa wewe ungesemaje? Hukuwahi kulala na funguo chini ya mto. Mimi nimelala nazo, kwa hiyo usinihukumu kama nilivyokuhukumu wewe.

Siku hizi anakunywa dozi ndogo. Mikono imetulia, anafunga vifungo vya shati mwenyewe, kimoja kimoja, polepole, wala hataki asaidiwe. Sauti hazijaisha zote, ila anasema zimekwenda mbali.

Jana ameniuliza kama namba yako ni ile ile. Nimemwambia ndiyo. Akikupigia, pokea.