Barua ya wazi kwa vijana wa filamu za mapigano

Wanangu,

Nawaona mkiruka maghorofani na kudandia malori yanayokwenda, na nawaogopea. Mjueni Helen Gibson.

Alizaliwa Cleveland, Marekani, mwaka 1892, akaitwa Rose Wenger. Kabla ya filamu alikuwa mpanda farasi wa maonyesho ya 101 Ranch, akiokota leso chini huku farasi anatimka. Mwaka 1915 kampuni ya Kalem ilimpa nafasi ya mwigizaji Helen Holmes katika mfululizo wa filamu za reli, The Hazards of Helen, na jina la Helen likamganda.

Siku moja aliruka kutoka paa la stesheni hadi juu ya treni inayokwenda. Wengi husifu ujasiri wake. Mimi nasifu kwanza vipimo. Umbali kati ya paa na behewa ulipimwa, akafanya mazoezi treni ikiwa imesimama, mwendo ukahesabiwa kwa sekunde. Akatua sawasawa. Ila treni ilikuwa inaongeza mwendo, naye akabiringika hadi ukingoni mwa behewa. Akadaka tundu la hewa, akaning'inia. Alitoka na michubuko tu.

Hapo ndipo wengi wenu mnapoumia: baada ya kutua. Anayeruka kutoka paa lililosimama hana mwendo wa mbele. Gari huivuta miguu, kiwiliwili kikabaki nyuma. Basi tueni magoti yamekunjwa, mmeinamia gari linakoelekea, na mkono ujue mapema utashika wapi: bomba lililochomelewa kwenye bodi, kamwe si turubai. Barabara inyooke. Dereva ashike mwendo mmoja, asiguse mafuta wala breki kabla ya ishara ya mrukaji. Kwa kilomita 20 kwa saa, lori hupita mita 5 na nusu kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde, umekosa karibu mita 3. Anzeni limesimama, kisha kilomita 5, kisha 10. Ikitosha hiyo, msiongeze: kamera ikikaa chini na karibu, mwendo huonekana mkali.

Mwaka 1920 Helen alianzisha kampuni yake, fedha zikamwishia. Akarudi kuruka na kupanda farasi badala ya mastaa wengine, mara nyingi bila jina lake kuonekana, hadi akikaribia miaka 70. Kwa hiyo kabla hamjapanda juu ya paa lolote, daini kwenye mkataba mambo mawili: nani atalipa hospitali, na jina la mrukaji liandikwe mwishoni mwa filamu.