Kati ya "shikamoo" na "mshikaji": tunavyomwendea Mungu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo limenikosesha raha kwa majuma matatu sasa, na ambalo naamini halitokei katika kanisa letu peke yake hapa Dodoma. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na ni mzee wa kanisa. Katika mkesha mmoja wa Ijumaa, kijana anayeongoza sifa alishika kipaza sauti akawaambia waumini kwamba Mungu ni mshikaji wake, kwamba usiku ule amekuja kupiga stori naye, na kwamba asiyeafiki aendelee kukaa kama yuko msibani. Vijana wakashangilia. Mimi nilisimama, nikaomba kipaza sauti, nikamkemea mbele ya watu wote na kumwuliza kama angethubutu kumwita hivyo mkuu wa wilaya. Alirudi kuketi bila neno, na tangu usiku ule hajaonekana kanisani.

Wenzangu walinipongeza. Kilichoninyima usingizi ni swali langu mwenyewe, kwa sababu nilipolirudia kichwani niligundua kwamba nilikuwa nimemlinganisha Mwenyezi Mungu na mkuu wa wilaya, na nilipotafuta andiko la kunitetea sikulipata.

Sisi wa mji huu, hasa tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, tumeizoea mno lugha ya ofisi. Tunajua kuandika barua yenye anwani mbili, yenye "Yah" iliyopigiwa mstari, inayopita kwa mtendaji wa kata na kusubiri mhuri. Nimezisikiliza sala zetu wazee, na yangu ikiwa ya kwanza, nikaona kwamba zinafuata mpangilio uleule: kwanza vyeo vyote vya anayeandikiwa, kisha utangulizi, kisha "kwa unyenyekevu mkubwa tunaleta mbele zako", na mwisho shukrani za mapema. Sala ya namna hiyo haina kosa la sarufi wala la mafundisho. Lakini mtu anaweza kuisali miaka arobaini bila kumwambia Mungu hata siku moja kwamba amemkasirikia mwanawe wa kumzaa, au kwamba akiamka usiku anaogopa kufa. Hayo tunayaita uchaji. Nami nashuku kwamba sehemu yake kubwa ni woga wa kawaida tu, ule wa mtu anayetaka shughuli iishe atoke salama.

Nilifungua Biblia nikiwa na nia ya kumpata kijana na hatia, nikakuta mambo yamechanganyika kuliko nilivyotaka. Musa yuleyule aliyeambiwa penye kijiti kinachowaka moto avue viatu kwa kuwa mahali aliposimama ni nchi takatifu, ndiye ambaye baadaye, katika Kutoka 33:11, anaelezwa kuwa BWANA alisema naye uso kwa uso, "kama vile mtu asemavyo na rafiki yake". Ibrahimu, ambaye Wakristo na Waislamu tunakubaliana kumwita rafiki wa Mungu, alisimama akaipigania Sodoma kwa kushusha hesabu kutoka watu hamsini mpaka kumi, jinsi akina mama wanavyopatana bei ya nyanya sokoni Majengo, na katikati ya mapatano hayohayo akajiita mavumbi na majivu. Hakuona kwamba jambo moja linalizuia jingine.

Lakini aliyenikamata zaidi ni Yohana. Mapokeo ya kale ya Kanisa yanamtambua mtume huyo kuwa ndiye mwanafunzi aliyeegama kifuani pa Yesu wakati wa chakula cha jioni, akamwuliza swali ambalo Petro alishindwa kuliuliza mwenyewe, na kuwa ndiye yule wa kisiwani Patmo aliyeandika Ufunuo. Kama kuna mtu ambaye angeweza kudai kwamba anamjua Yesu kwa ukaribu, ni yeye. Hata hivyo, alipomwona tena katika utukufu wake alianguka miguuni pake kama mtu aliyekufa. Hakukumbushia kwamba waliwahi kula sahani moja. Na Yesu naye hakumwacha pale chini, kwa maana andiko linaendelea kwamba aliweka mkono wake wa kuume juu yake akamwambia asiogope. Nimeusoma mstari huo katika mazishi mara nyingi, na sikuwahi kuuona mkono ule. Nilikuwa naliona anguko tu, na nadhani ndivyo ilivyo kwa wazee wengi wa kanisa, kama ambavyo vijana wengi wanauona mkono pasipo kuliona anguko.

Hapo ndipo ualimu wangu wa Kiswahili uliponiingiza katika jambo ambalo huenda wengine wataliona la kitoto. Neno "mshikaji", ambalo niliwahi kulifuta kwa kalamu nyekundu katika insha nyingi za darasa la sita, linatokana na kushika. "Shikamoo" nayo, kama tulivyofundishwa, inatokana na kushika miguu ya mkubwa. Maneno haya mawili, moja la kijiweni na jingine la adabu, ni watoto wa kitenzi kimoja. Nikaenda tena kwenye Injili ya Mathayo. Katika sura ya 14, Petro anazama, na Yesu ananyosha mkono na kumshika. Katika sura ya 28, wanawake wanakutana na Bwana aliyefufuka, wanakaribia, wanamshika miguu na kumsujudia. Kwa hiyo anayeitwa na kijana wetu mshikaji alimshika mtu kweli, na shikamoo ya wale wanawake ilikuwa shikamoo yenyewe hasa, ya mikono juu ya miguu, na kuitoa iliwapasa wasogee karibu, kwa sababu hakuna awezaye kushika miguu ya mtu aliye mbali.

Kuna jambo jingine dogo la lugha. Mimi siwezi kumwambia mkwe wangu "wewe". Nitamwita baba, au mzee, au nitazungusha sentensi mpaka neno hilo lisihitajike. Lakini katika sala sote tunamwambia Mungu "Wewe" asubuhi na jioni, na hakuna mzee yeyote aliyewahi kusimama kulikemea.

Nimemkumbuka babu yangu mzaa baba. Mwaka 1974 mvua ilikatika kabla mtama haujatoa masuke, nasi tukawa tunakula ugali wa unga wa njano ulioletwa kutoka nje ya nchi. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nikiishi naye katika kijiji kimoja kusini mwa mji huu. Babu alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, ile njaa iliyowaua Wagogo wengi katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake, majeshi yalipokuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe na nafaka, kwa hiyo hakuwa mtu wa kutishwa na ukame wa kusimuliwa. Kwa utani alikuwa akiniita mume mwenzake kwa bibi, nami nilimjibu nilivyotaka, jambo ambalo nisingethubutu kwa baba. Pamoja na utani wote huo, kigoda chake hakikukaliwa na mtu mwingine, hata alipokuwa safarini, na hapana aliyetuwekea sheria hiyo.

Asubuhi moja nilimfuata shambani. Alipofika ukingoni alivua kofia, kisha akavua makatambuga yake na kuyapanga chini ya mbuyu, visigino vimelingana, kama mtu anayeingia nyumbani kwa mkwe. Halafu akaanza kusema kwa Kigogo, kwa sauti ileile ambayo angezungumza nayo na jirani aliye ng'ambo ya ua wa miiba. Alisema: Mulungu, jana nilikwambia habari za mtama huu, leo njoo uuone mwenyewe, watoto hawa unga wa kigeni unawaumiza matumbo, mimi nimezeeka, nimechoka, na wewe unajua kuwa nimechoka. Kisha akanyamaza. Nikadhani amemaliza, nikacheka, kwa kuwa sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akimlalamikia Mungu kana kwamba Mungu ameazima jembe na hajalirudisha. Babu alinikata jicho mara moja tu. Aliendelea kusimama peku juu ya udongo ambao jua lilikuwa limekwisha kuupasha moto, bila kuongeza neno, kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama nusu ya siku. Mvua haikunyesha juma lile, wala lililofuata, naye aliendelea kwenda pale kila asubuhi na kuvua viatu vilevile.

Naandika haya nikijua kwamba vijana wataona nimehamia upande wao. Sijahamia. Yapo mambo katika ibada za siku hizi ambayo sitayaita urafiki hata kidogo. Mtu anayesali huku akitazama ujumbe kwenye simu hawezi kufanya hivyo hata mbele ya rafiki yake wa kweli bila rafiki huyo kukwazika. Anayempa Mungu amri na tarehe za kuzitekeleza, akitaja gari na rangi yake, amemfanya Mungu tarishi, na tarishi si rafiki wala si mkubwa. Mazoea yana sura inayofanana na urafiki, lakini rafiki humsikiliza mwenzake, na mtu wa mazoea hasikilizi kwa sababu anadhani ameshajua kitakachosemwa. Zaburi ya 25 inasema siri ya BWANA iko kwa wamchao. Siri huambiwa rafiki, na hapa anayeambiwa ni yule anayemcha.

Tena maneno ya Yesu katika Yohana 15 yana ukali ambao mabango ya mikutano huwa hayauchapishi. Anasema, "Ninyi mmekuwa rafiki zangu, mkitenda ninayowaamuru." Mimi na mwenzangu tuliosoma naye chuo cha ualimu tumekuwa marafiki tangu ujana wetu, na siku atakayoniambia kwamba urafiki wetu unategemea mimi kutii amri zake, nitamwaga chai yake nje. Hivyo urafiki anaoutaja Yesu si wa watu wa rika moja. Katika mistari inayofuata anawaambia kwamba si wao waliomchagua, ni yeye aliyewachagua. Mkubwa ndiye aliyeshuka akamwita mdogo rafiki, akamwambia yote aliyoyasikia kwa Baba yake. Mdogo akiitwa hivyo hupata haja ya kusogea na haja ya kupiga magoti kwa pamoja, na nadhani ndiyo sababu sala tuliyofundishwa ikaanza na "Baba yetu" na kabla hatujavuta pumzi ikaongeza "jina lako litukuzwe".

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtafuta yule kijana anakotengeneza simu, katika kibanda kimoja karibu na soko la Sabasaba. Alinipa shikamoo kabla sijamfikia, akanipisha kwenye stuli yake, yeye akakaa juu ya ndoo. Nilimwomba radhi kwa kumwaibisha mbele ya watu, ingawa nilimweleza pia kwamba maneno yake kuhusu msiba yalikuwa ya dharau kwa wazee, naye akakiri. Nilipomwuliza kwa nini alichagua neno lile, alichelewa kujibu, akawa anageuzageuza bisibisi mkononi. Kisha akasema: "Mwalimu, baba mimi sikumjua. Nikiambiwa Mungu ni baba, sioni mtu. Nilipofika mjini hapa sina pa kulala, aliyenipa nusu ya godoro lake ni mshikaji. Hilo ndilo neno kubwa nililo nalo."

Sikuwa na la kumsahihisha.

Kikao cha wazee kitakaa Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, na ajenda iliyoandikwa ni kupiga marufuku matumizi ya neno hilo madhabahuni. Mimi ndiye niliyeomba iandikwe. Nimekwisha kumwarifu mwenyekiti kwamba nitaipinga, ijapokuwa neno lenyewe sitalitumia mpaka naingia kaburini.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma