Barua kwa Mama Salma: A wanaandika, B wanafuta

Mama Salma mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Kilwa. Huku hatujambo, joto tu ndilo linatumaliza.

Umeniuliza kama haya mambo ya wanafunzi kuandika pamoja mtandaoni yana faida kwa shule kama zetu, au ni maneno ya semina tu. Faida ipo, shoga yangu, ila si ile tuliyoimbiwa semina. Kule walisisitiza watoto watafurahi kuona maandishi ya wenzao yakitokea kwenye kioo. Watafurahi, ndiyo, kisha watazoea. Mimi kilichonikamata ni ile historia ya matoleo: nani aliandika, nani alifuta, na saa ngapi.

Nilifungua waraka mmoja wa Google Docs kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, nikawapa mikondo miwili, A na B. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo wanaingia chumba cha kompyuta kwa zamu, kila kundi na akaunti yake, na anayeandika anaacha herufi mbili za jina lake mwishoni mwa aya. Majina kamili nimeyakataza. Sehemu za mwanzo zilikwenda mbio: pamba ya kulazimishwa, mganga Kinjikitile na maji yake ya dawa kule Ngarambe, Wamatumbi kung'oa pamba Julai 1905. Baadhi yao kwao ni Kipatimu na Nandete, hadithi hizo wamezikuta nyumbani.

Kasheshe ikaanzia kwenye idadi ya waliokufa. A wakaandika 75,000. B wakafuta, wakaweka 300,000. A wakarudisha ya kwao. Nikawafungulia historia ya waraka kwenye projekta, wote wakaona namba inapanda na kushuka kama bei ya nyanya gulioni. Walicheka hadi mwalimu wa jirani akaja kuchungulia.

Jibu sikutoa. Niliwaondolea ruhusa ya kuhariri, nikawaachia ya kutoa maoni pembeni tu: anayetaka namba ibadilike aseme kaitoa wapi, na aliyehesabu ni nani. Hapo pakanoga. Wakagundua kwamba 75,000 ni makadirio ya Wajerumani wenyewe, na kwamba wanaofika 250,000 hadi 300,000 wanaitazama sana njaa iliyofuata, baada ya majeshi kuchoma mashamba na chakula. Binti mmoja, ambaye darasani hanyooshi mkono hata umbembeleze, akaandika pembeni: "Aliyekufa njaa mwaka 1907 amekufa vitani au hakufa vitani?" Basi! Majibu yalishuka ukurasa mzima, na kipindi kikaisha hawataki kutoka.

Wenzangu ofisini wananishauri nihesabu maneno ya kila mtoto ndipo nigawe alama. Sitaki. Kwa hesabu hiyo binti huyu angeshika mkia, na aliyenakili aya nzima kitabuni angeongoza.

Mtandao wenyewe usiniulize. Unakatika, na bando natoa mfukoni. Kishikwambi cha sensa, kile tulichogawiwa walimu, ndicho hotspoti yetu. Kama kwenu hali ni mbaya zaidi, mtafute fundi awawekee Etherpad. Ni programu ya kuandika pamoja, ya bure, inakaa kwenye kompyuta moja, nyingine zinaunganishwa nayo kwa ruta, na watoto wanaandika pamoja bila kula bando hata kidogo. Kila mwandishi anapewa rangi yake, kwa hiyo mvivu anajulikana kwa kutazama tu. Umeme ukikatika mnarudi kwenye madaftari, kama siku zote.

Sasa nina ombi. Wewe uko Pangani, mahali hasa Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, aliponyongwa Desemba 1889. Wanafunzi wako waandike vita vyake, wangu wamalizie Maji Maji, halafu kila upande tuupe ruhusa ya kutoa maoni tu kwenye waraka wa wenzao. Kazi hii italazimika kupitia mtandaoni, Etherpad ya ndani haitafika Pangani, lakini tutaipanga isimalize bando. Ila waandae watoto wako: pwani ilipoinuka mwaka 1888 Kilwa nako kulichafuka, na hawa wangu wakikuta Kilwa haikutajwa hawatawapumzisha.

Niambie vipindi vyenu vya kompyuta ni siku gani. Sisi ni Jumanne na Alhamisi mchana, na ningependa tuanze kabla ya mitihani ya muhula. Msalimie Salma na baba yake.

Ni mimi shoga yako,
Mama Juma