Kumbe ushindi ni wa klabu, kufungwa ndiyo kwa taifa?

Ndugu Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika magazetini. Gazeti lako nalinunua miaka nenda rudi, nalisoma, nalikunja, naendelea na shughuli zangu. Lakini ile habari mliyoitoa baada ya Taifa Stars kuifunga Madagascar mabao 2-1 pale kwa Mkapa imenikwama kooni, na CHAN yenyewe ya 2025, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, imeshakwisha.

Unaikumbuka. Ile yenye jedwali. Timu ya taifa imeshinda mechi tatu mfululizo, Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, halafu Madagascar, nyie mkaketi kugawa mabao kwa klabu: hawa wana mangapi, wale wana mangapi, Azam wamepewa lao la penalti ya Sopu. Mkafika kwa Tshabalala mkakwama, maana ndiyo kwanza amehama, mkatumia aya nzima kujadili bao lake liandikwe alikotoka au anakokwenda. Vigogo wenyewe wawili wa Kariakoo sitawataja humu. Wametajwa vya kutosha.

Sijui mwandishi wenu ana umri gani. Hadi CHAN hii inaanza, AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, tulikuwa tumekwenda mara tatu, ya 1980, ya 2019 na ya 2023, na hatukuwa tumeshinda hata mechi moja. CHAN ya 2009 tuliwafunga wenyeji Ivory Coast, tukarudi nyumbani baada ya makundi. Ile ya Cameroon mwaka 2021 tukaifunga Namibia, tukarudi vilevile. Safari hii tukavuka, pointi 10, tumefungwa bao moja tu katika mechi nne za kundi. Jambo ambalo baba zetu hawakuliona, ninyi mmeligawa kama nyama ya kitoweo cha watu wasiopatana.

Na msiniambie mnawapa wasomaji wanachotaka, kwa sababu ninyi ndio mliowafundisha kukitaka. Mechi ya Mauritania nilikuwa uwanjani. Pembeni yangu alikaa bwana mmoja, mtu mzima mwenye mvi, amevaa jezi ya klabu yake. Kipindi cha kwanza chote tulikuwa ndugu, tunalaani pamoja kila nafasi inayopotea, anachota karanga zangu bila kuuliza na mimi sijali. Dakika ya 89, bado bila bila, watu wengine wameanza kushuka ngazi kuwahi daladala, Kapombe akafunga. Uwanja ukalipuka. Yule bwana naye alinyanyuka, mikono juu, mdomo wazi. Kisha akaangalia vizuri ni nani aliyefunga. Mikono ikashuka, mmoja baada ya mwingine, akakaa, akaanza kukung'uta maganda ya karanga kwenye suruali. Nikamuuliza, mzee mwenzangu, kulikoni? Akanijibu bila hata kunitazama, "Bao zuri, ila mfungaji ndiyo tatizo." Nchi nzima inapiga kelele, mtu mwenye wajukuu amenuna kwa sababu aliyeipeleka nchi yake mbele anavaa rangi nyingine siku za ligi! Nilitamani kumwambia neno, nikaona haya kwa niaba yake. Mzize, wa klabu nyingine, alipoifunga Madagascar mawili siku tatu baadaye, nina hakika kuna wa upande wa pili waliokaa chini hivyohivyo.

Redioni ndiyo usiseme. Asubuhi ya robo fainali na Morocco, Agosti 22, daladala yetu ilikuwa imefungulia kituo kimoja cha michezo. Kutoka tunaondoka hadi nashuka, wachambuzi wanabishana kuhusu usajili. Usajili! Na kila wakivuta pumzi, tangazo la kubeti. Kijana wa mtaani kwangu aliniambia mchana ule, bila aibu, kwamba anaiombea Stars lakini mkeka wake wa kubeti una Morocco. Hawa vijana tunawafanya nini, Mhariri? Lakini hilo lina barua yake.

Usiku tukafungwa 1-0, bao la Lamlioui. Kocha wetu mwenyewe wa wakati ule, Hemed Suleiman, jina lake la utani ni Morocco, kwa hiyo hata kucheka tulicheka kidogo. Kesho yake nikalifungua gazeti lako kutafuta jedwali. Halikuwepo. Kichwa cha habari kilikuwa "Tanzania yatolewa". Wakati wa mabao ilikuwa klabu hii na klabu ile. Wakati wa kutoka ikawa Tanzania.

Napendekeza hivi. Mashindano yajayo, kuanzia kikosi kinapoingia kambini hadi kinapotoka, jina la klabu lisichapwe kando ya jina la mchezaji wa Stars. Likichapwa, chumba chenu cha habari kinunue mpira mmoja, namba 5, ulioshonwa vizuri, ukapelekwe shule ya msingi ya kata yetu, ambako watoto wanacheza mpira wa matambara na mwalimu wa michezo ana filimbi tu. Kwa lile jedwali peke yake tungepata mipira ya darasa la kwanza hadi la saba.

Na pampu msisahau, maana tunayo moja na haina sindano.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam